Kikapu Kisicho na Jina

Lugha yetu imelipa jumba la kuhifadhia vitu vya kale jina lenye maana nzito: makumbusho. Asili yake ni kukumbuka, na aliyelileta neno hilo hakutazama kuta wala vioo, bali alitazama kazi ifanywayo na vitu hivyo moyoni mwa mtazamaji. Hata hivyo, mwalimu mwenye kupenda kuyachambua maneno atauliza mara moja: wanakumbushwa akina nani, na wanakumbushwa nini? Mtu hakumbushwi jambo alijualo na kulitenda kila siku. Hukumbushwa lile lililoanza kumponyoka. Swali hilo nimekaa nalo muda mrefu, na ziara mbili nilizozifanya, moja karibu na nyumbani na ya pili ng'ambo ya mipaka, zimenipa sababu ya kuliweka mbele ya walimu wenzangu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili huko Mutoyi, katika nchi ya vilima ya Gitega, Burundi. Kwetu Kiswahili si lugha ya kunyonya. Mtoto hunyonya Kirundi, na akifika shuleni hukutana na Kifaransa, kisha Kiingereza na Kiswahili. Kiswahili chenyewe kimetufikia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya zamani, njia ya wafanyabiashara na ya mitaa ya Waislamu katika miji yetu, kama vile Buyenzi huko Bujumbura, na kadhalika Gitega na Muyinga. Ya pili ni njia ya darasani, iliyopata nguvu tangu nchi yetu ilipoingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Njia hizi mbili hazikutani mara nyingi. Kiswahili cha sokoni kina maneno ya kununua na kuuza, na kile cha vitabu kina maneno ya pwani, ya mnazi, ya mkoko na ya jahazi. Baina yao kipo kilima chetu, chenye majani yake, udongo wake na kazi zake za mikono, ambacho bado hakijapata maneno ya kutosha katika lugha hii tunayoifundisha.

Mama yangu ni msusi wa vikapu. Nasema msusi kwa kuwa sina neno jingine, ingawa neno lenyewe halimwenei sawasawa. Watu wa pwani husuka ukili wa miyaa kwanza, ukawa utepe mrefu, kisha huushona ukawa mkeka au kapu. Mama hasuki utepe. Huchukua kitita chembamba cha majani makavu, akakizungusha kama gamba la konokono, na kila mzunguko huushona katika mzunguko uliotangulia kwa uzi wa nyasi na sindano ndefu ya chuma. Kirundi husema kuboha. Kikapu kinachotoka mikononi mwake kina mfuniko uliochongoka juu kama paa la nyumba ya kale, na ubavuni huzungukwa na mistari myeusi ya pembepembe. Sasa ni mzee. Macho yameanza kuingia ukungu, na katika dada zangu wanne hakuna hata mmoja aliyeishika kazi hiyo. Siwalaumu. Ndoo ya plastiki haihitaji mwezi mzima kuimaliza.

Nilimchukua mama tukaenda mjini Gitega kutazama Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955 nchi ilipokuwa chini ya udhamini wa Ubelgiji. Si jumba kubwa. Mgeni aliyezoea majumba ya London au Paris angemaliza kulizunguka kabla chai yake haijapoa. Lakini ndani yake mmekusanywa maisha mazima ya Warundi wa zama za ufalme, ule ufalme uliokoma mwezi wa Novemba 1966: vikapu, vyungu, mikuki, ngoma, zeze na vinanda, nguo za magome ya miti, na picha za wafalme na watu wao. Ngoma hasa zina heshima ya peke yake kwetu, kwa sababu ngoma ilikuwa ndiyo enzi yenyewe. Na ngoma ya kifalme ya Burundi iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Nilikuwa nimejiandaa kumsomea mama maandishi ya vitu vile, maana yeye hakusoma. Hakuniomba. Alivipita vitu vingine kwa adabu, kama mtu apitaye mbele ya ua wa jirani, mpaka alipofika penye vikapu. Hapo akasimama. Akainama, akasogeza uso karibu na kioo kwa sababu ya macho yake, akakaa kimya kwa muda. Kisha akasema, "Mwanangu, hiki kimefanywa na watu wawili."

Nikamwuliza amejuaje. Akanionyesha kwa kidole. Kuanzia kitako hadi kiunoni, uzi ulikuwa umevutwa kwa nguvu moja, na mishono imelala upande mmoja kama mvua ya upepo. Kuanzia kiunoni kwenda juu mishono ilikuwa imesimama zaidi, na mahali pengine uzi umelegea. "Wa kwanza alikuwa mtu mzima," akasema. "Wa pili alikuwa bado anajifunza, au alikuwa na haraka." Kijana mtunzaji aliyekuwa karibu nasi akamwamkia, "Amahoro, mama," akamwomba ayarudie maneno yale, naye akayarudia. Halafu yeye mwenyewe akauliza swali ambalo kwake lilikuwa jepesi kabisa, sawa na kuuliza mtoto huyu ni wa nani: "Ni mkono wa nani?"

Hapakuwa na wa kumjibu, maana waliojua wamekwisha kutangulia zamani. Tangu huko Ulaya hadi huku Afrika, desturi ya wakusanyaji wa zama zile ilikuwa kuandika jina la kitu, jina la mahali na jina la kabila. Jina la fundi liliandikwa kwa nadra sana. Ndivyo yalivyo makumbusho mengi duniani hata leo: mkuki una kabila, chungu kina kabila, kikapu kina kabila, mtu aliyekaa chini akakifanya kwa mikono yake hayumo.

Safari ya pili niliifanya bila mama. Mpwa wangu alikuwa akisoma Kampala, nami nikapata nafasi ya kumzuru wakati wa likizo. Nilishika njia ya mashariki, kupitia Muyinga hadi mpakani Kobero, kisha Ngara, Biharamulo na Bukoba katika Tanzania, na hatimaye Mutukula na Masaka katika Uganda. Njia hiyo ni darasa la Kiswahili lisilo na mwalimu. Muyinga nilikisikia Kiswahili kilichochanganyika na Kirundi katika kila sentensi, Ngara kikaanza kunyooka, Bukoba kikatulia, na baada ya Mutukula kikafifia, Luganda kikachukua nafasi yake. Katika soko la Muyinga nilimkuta mama mmoja akiuza vikapu mfano wa vya mama yangu. Nikamwuliza kwa Kiswahili vinaitwaje. Akacheka, akajibu, "Vikapu tu, mwalimu." Neno "tu" lile nimelichukua pamoja nami hata leo.

Chuo Kikuu cha Makerere kiko juu ya kilima, na kwa mtu wa Gitega kilima si jambo la kumshangaza. Lililonishangaza ni kwamba ndani ya chuo mna Jumba la Sanaa, na kwamba wanafunzi hupita mbele yake kila siku kama sisi tupitavyo mbele ya kisima. Historia yake inafaa kujulikana na walimu wetu, kwa sababu sehemu kubwa ya sanaa ya kisasa ya Afrika Mashariki imepitia hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mama mmoja Mwingereza, Margaret Trowell, alianza kuwafundisha vijana kuchora na kuchonga. Mwaka 1939 kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa London. Darasa lile dogo lilikua likawa shule kamili ya sanaa, nayo ikapewa jina lake. Alipoondoka mwaka 1958, mahali pake pakachukuliwa na Cecil Todd, aliyetaka wanafunzi wajue pia historia ya sanaa ya dunia nzima. Baina ya fikra hizo mbili, ya kuanzia nyumbani na ya kuanzia ulimwenguni, shule ile iliwalea wengi: Gregory Maloba wa Kenya, aliyeitengeneza sanamu ya Uhuru iliyosimama Kampala tangu 1962, Sam Ntiro na Elimo Njau, wote wawili wana wa Kilimanjaro. Njau ndiye aliyeshiriki kuanzisha Paa ya Paa huko Nairobi mwaka 1965, jina ambalo mwalimu wa Kiswahili anaweza kulifanyia somo zima, kwa vile paa ni mnyama na kupaa ni kwenda juu.

Siku niliyoingia, jumba lilikuwa na maonyesho ya kazi za wanafunzi: picha za rangi, chapa za mbao, na vinyago vya chuma na mti. Kazi iliyonishika zaidi ilikuwa imechorwa juu ya gome la mti badala ya kitambaa. Waganda hulibandua gome la mtuba wakati wa mvua, wakalifunika shina kwa majani ya mgomba ili mti usife, kisha hulitwanga gome kwa nyundo za mti zenye mifuo mpaka linapanuka na kulainika, ndipo hulianika juani likageuka rangi ya udongo mwekundu. Ufundi huo UNESCO iliutangaza mwaka 2005 kuwa miongoni mwa hazina za utamaduni wa binadamu. Wazee wetu wa Burundi nao walivaa nguo za magome, na niliiona nguo kama hiyo Gitega, imelala nyuma ya kioo. Makerere gome lile lile lilikuwa limening'inia ukutani, limetiwa nyuso za watu wa leo. Na chini yake palikuwa na jina la kijana aliyelifanya. Nikaliandika katika daftari langu.

Hapo ndipo lile swali la mama liliponirudia. Katika jumba hili kila kitu kilikuwa na mwenyewe. Picha ina mwenyewe, kinyago kina mwenyewe, hata mchoro wa penseli wa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza una mwenyewe. Kwa nini basi kikapu kisiwe na mwenyewe? Je, mkono wa mama yangu hautambulikani? Yeye mwenyewe amenionyesha kwamba unatambulikana, tena kwa umbali wa kioo na kwa macho yenye ukungu. Na cha ajabu ni kwamba zamani mambo haya mawili hayakuwa mbali hivyo. Trowell yule yule aliyewafundisha wachoraji aliwahi kuwa mtunzaji wa Makumbusho ya Uganda, na mwaka 1953 yeye na Klaus Wachsmann walitoa kitabu kikubwa juu ya kazi za mikono za Uganda. Mtu mmoja alishika picha kwa mkono huu na kikapu kwa mkono huu. Baadaye picha ikaenda katika jumba la sanaa, kikapu kikaenda katika jumba la makumbusho, na jina likafuatana na picha.

Mpwa wangu alinieleza habari za picha moja ya Ntiro ambayo haiko Makerere. Aliichora mwaka 1956, na inaonyesha wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Mwaka 1960 ilinunuliwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York. Nilicheka kidogo, kwa furaha. Mama yangu hawezi kusoma jina la New York, lakini mumweke mbele ya picha ile, hatauliza inahusu nini. Atauliza bibi arusi ni wa ukoo gani. Nikakumbuka pia habari za Jak Katarikawe, mwana wa kusini-magharibi mwa Uganda, aliyekuwa dereva, asiyepita katika shule rasmi ya sanaa. Ntiro alimsaidia, naye akawa mchoraji mashuhuri wa ng'ombe na ndoto, mpaka alipofariki mwaka 2018. Yaani mlango wa jumba lile haukufunguliwa kwa wenye shahada peke yao.

Kabla ya kuondoka, mpwa wangu alinipeleka Maktaba Kuu ya chuo kuona sanamu ya Francis Nnaggenda ya miaka ya 1980, iitwayo Majeruhi wa Vita. Ni gogo la mti lililochongwa likawa mtu aliyepungukiwa na viungo vyake, na bado amesimama. Uganda ilikuwa imetoka katika miaka mingi ya kumwaga damu. Nilisimama mbele yake kitambo. Sisi wa Burundi tunayo miaka yetu, na mtu wa rika langu akitaja 1993 hahitaji kuongeza neno. Sanamu ile haikuwa na maelezo marefu, wala haikuhitaji. Lakini nilijiuliza ningewaambia nini wanafunzi wangu juu yake, na kwa maneno gani. Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa huzuni. Mashairi yake ni ushahidi. Kwa mti uliochongwa, kwa alama ya patasi, kwa ufa ulioachwa makusudi usizibwe, nilijikuta nikitafuta.

Niliporudi Mutoyi nilimweleza mama habari zote, nikamwambia kwamba tangu sasa tutaandika jina lake chini ya kila kikapu. Alikataa. Hakukataa kwa haya, bali kwa hoja. Akasema, "Kikapu hiki kitabeba maharage ya mtu, au unga wa mtama, kitakwenda arusini kichwani mwa binti yake. Nikikitia jina langu, zawadi itakuwa ya nani?" Nikajaribu kumweleza habari za picha na wachoraji. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe una daftari. Jina langu liandike humo."

Nimeyatafakari sana maneno hayo, na nadhani ndiyo yaliyonifunza zaidi kuliko safari nzima. Kitu kina kazi yake, na heshima yake imo katika kazi hiyo. Kukigeuza kiwe mfano wa picha ya ukutani si lazima kuwe ni kukiheshimu. Lakini daftari lina kazi nyingine, nayo ni kukumbuka kwa niaba ya wale watakaokuja. Kikapu kikae bila jina, kama fundi apendavyo. Maandishi yasikae bila jina.

Basi darasani kwangu tumeanzisha maonyesho madogo. Hatuna jumba, tuna rafu moja ya mbao nyuma ya darasa. Kila mwanafunzi huleta kitu kimoja kutoka nyumbani, akakiandikia kadi yenye mistari mitano kwa Kiswahili: kinaitwaje kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kimefanywa kwa nini, kilifanywaje, hutumika vipi, na kimefanywa na nani. Sijaona zoezi la insha linalowahangaisha wanafunzi na kuwafaidi kama hili. Mmoja alileta icansi, chombo cha maziwa. Kamusi ilimpa kibuyu, akakikataa, kwa kuwa kibuyu huota na icansi huchongwa katika mti. Mjadala ukachukua kipindi kizima.

Mwanafunzi mwingine alileta chungu. Mistari minne aliijaza vizuri, wa tano akauacha mtupu. Nilipomwuliza, akanijibu kwamba kimefanywa na Batwa, kana kwamba hilo ndilo jina. Wenzake walianza kucheka, kisha wakanyamaza. Wasomaji waijuao nchi yetu wanafahamu jinsi ndugu zetu Batwa walivyoishi kwa ufinyanzi karne nyingi, na jinsi walivyodharauliwa na wale wale waliopikia katika vyungu vyao. Sikutoa hotuba. Nilimwambia tu kwamba mstari ule haujajibiwa. Siku ya soko alikwenda kumtafuta mfinyanzi mwenyewe, akamwuliza jina. Mama yule akataka kujua kwanza kama kuna deni au mashtaka. Kwani tangu aanze kuuza vyungu, alisema, hapana mnunuzi aliyewahi kumwuliza jina lake. Sasa jina hilo limo katika kadi, kwa mwandiko wa mtoto wa Kirundi, katika lugha ya Kiswahili. Siku hiyo nilijua kwamba zoezi letu si la msamiati peke yake.

Walimu wenzangu, si kila shule iko karibu na jumba la sanaa la chuo kikuu, wala si kila mwalimu atapata nauli ya kufika Kampala. Lakini rafu ya mbao tunaweza sote kuipata, na kadi zenye mistari mitano hazina gharama. Wenzetu wa mijini wawapeleke wanafunzi katika makumbusho yaliyo karibu, wawaache watazame kwanza kabla ya kusoma maandishi, na ikiwezekana wamchukue bibi au babu mmoja ajuaye kazi ya mikono. Sisi wa vilimani tutaendelea kuandika tulivyo navyo.

Na kwa ndugu zetu wa pwani tuna ombi. Wanafunzi wangu wanatafuta neno la Kiswahili la ule mzunguko wa kwanza kabisa wa kikapu, unaoanzia katikati ya kitako, ambao ukikosewa kikapu kizima hupinda. Mama anautambua kwa kidole hata gizani. Sisi tumeuandika katika kadi kuwa "mwanzo", kwa kukosa lingine. Mwenye neno lililo bora, awe wa Pemba, wa Lamu, wa Kilwa au wa Tanga, na atuletee, nasi tutaliandika kwenye kadi pamoja na jina la aliyetuletea.